Mavi ya Kale Hayanuki?

Wahenga walisema mavi ya kale hayanuki. Ni methali ya watu waliochoka kugombana. Jambo limepita, limekauka, jua limelipiga, ya nini kulichokoa? Ndugu wawili wakipatanishwa sebuleni, msemo huu una kazi yake. Lakini kuna biashara nzima duniani inayouza wazo hilohilo kwa bei ghali, ila yenyewe imelitafutia jina tamu: pete ya uchumba ya zamani, yenye almasi iliyokatwa kwa mtindo wa kale.

Biashara hiyo naijua kutokea upande wa maneno. Niliacha chuo mwaka wa tatu, na tangu hapo naandika chochote kinacholipa: maelezo ya magodoro, wasifu wa watu wasiojua kujisifu, hotuba za harusi za watu nisiowajua. Msimu mmoja nilipata kazi ya duka la mtandaoni la ng'ambo linalouza pete za zamani. Maneno 150 kwa kila pete. Sijawahi kuzishika hizo pete, lakini ukiandika kuhusu kitu mara mia tatu utakijua, upende usipende. Na kulikuwa na neno moja ambalo walitaka lionekane kila mara: safi. Almasi mpya huenda ina damu, ya zamani ni safi, kwa sababu hakuna anayechimbishwa leo ili uipate.

Hilo neno ndilo nataka tulikalie hapa. Kitu kilichopatikana kwa dhuluma kinakuwa safi kwa kukaa sana?

Tuanze na uzuri, maana bila uzuri hakuna kesi. Almasi ikitoka ardhini inafanana na kipande cha chupa kilichosuguliwa na mchanga wa ufuoni. Mng'aro unaletwa na mkato, yaani zile pembe ambazo mwanga unaingilia na kutokea. Na kwa vile hakuna jiwe gumu kuliko almasi, almasi hukatwa kwa almasi: jiwe linasuguliwa kwa jiwe mwenzake, kisha linang'arishwa juu ya gurudumu lililopakwa mafuta na vumbi la almasi.

Mikato ya zamani ni mingi. Kuna mkato wa waridi, uliosambaa Ulaya kuanzia karne ya 16, ambao chini ni bapa na juu umevimba kama nusu ya limau. Kuna mkato wa mgodi wa kale, ambao umbo lake ni mraba wenye kona za mviringo kama mto wa kochi. Taji lake limeinuka, uso wa juu ni mdogo, na ncha ya chini imekatwa bapa kiasi kwamba ukichungulia kutoka juu unaona kama kitundu katikati. Kuna mkato wa kale wa Ulaya, ambao ni wa duara, ulioshika kasi mwisho wa karne ya 19 mashine ziliposaidia kuviringisha jiwe. Kuna mkato wa Asscher, uliobuniwa Amsterdam mwaka 1902, wenye ngazi ngazi kama kisima cha mraba. Halafu mwaka 1919 kijana mmoja wa familia ya wakata almasi wa Antwerp, Marcel Tolkowsky, akachapisha hesabu za pembe zinazorudisha mwanga vizuri zaidi. Almasi ya duara unayoiona leo kwenye kila tangazo imetokana na hesabu hizo.

Kabla ya hapo, mkataji alitumia jicho na mkono, na alikata kwa ajili ya usiku wa mshumaa na taa ya mafuta. Ndiyo maana jiwe la zamani chini ya taa kali za duka huonekana kama limesinzia. Stima ikipotea, ukawasha mshumaa, ndipo linaamka. Halimetimeti kwa vipande vidogo vidogo kama la kisasa. Linawaka kwa miale mipana, polepole. Na hakuna mawili yanayofanana. Siwalaumu hata kidogo wanaolipenda.

Sasa, binamu yangu aliposikia kwamba naelewa mambo ya pete, alinipigia simu. Anataka kuposa. Shemeji yangu mtarajiwa alikuwa ameshamwonyesha picha ya pete anayoitaka, yenye jiwe la mgodi wa kale, akamwekea na sharti: hataki damu ya mtu kidoleni. Kwa hivyo ya zamani ilionekana kumaliza maneno yote mawili, uzuri na dhamiri. "Si hii ni safi, bro?" akaniuliza. "Hii ni kama mitumba tu. Imeshashonwa, mimi naivaa."

Mfano wa mitumba si mbaya. Ukinunua koti Gikomba, hata kama ni kamera, hujaagiza koti jipya lishonwe. Hujaongeza jasho la mtu kiwandani. Ila koti la mtumba halijidai usafi. Kila mtu anajua lilivaliwa na mtu, na wewe mwenyewe unalifua kabla ya kulivaa. Almasi ya zamani inakuja ikiwa imeshafuliwa kwa maneno. Nilimwambia nitampigia baadaye, nikakaa chini kuandika mahali mawe hayo yalikotoka.

Jina lenyewe linaanza kusema. Mgodi wa kale unaotajwa kwenye mkato huo ulikuwa India na Brazil. Wafanyabiashara walihitaji namna ya kutofautisha mawe ya huko na yale mapya yaliyoanza kumwagika kutoka Afrika Kusini. India ndiyo iliyokuwa chanzo kikuu cha almasi duniani hadi miaka ya 1720, zilipopatikana Brazil. Na kule Brazil aliyeinama mtoni akichekecha changarawe alikuwa mtumwa kutoka Afrika, au mtoto wa mtumwa huyo. Msafiri Mwingereza John Mawe, aliyefika huko mwanzoni mwa karne ya 19, alieleza desturi moja: mtumwa akiokota jiwe la karati 17 na nusu, alivishwa shada la maua, akapelekwa kwa msafara mbele ya msimamizi, akaachiliwa huru. Sasa fikiria. Jiwe la kawaida kwenye pete ya uchumba ni kama karati moja, pengine chini ya hapo. Kwa aliyeliokota, jiwe hilo halikutosha kuwa uhuru. Lilikuwa siku nyingine tu ya kazi.

Kisha Afrika Kusini. Machimbo ya Kimberley yalianza mwaka 1871, na mkato wa kale wa Ulaya ulikua pamoja nayo. Mwaka uliofuata tu, watumishi wa machimboni walilazimishwa kubeba pasi. Sisi tunaokumbuka habari za kipande, ile karatasi ndani ya kikopo cha chuma shingoni mwa babu zetu, hatuhitaji kuelezwa pasi ni nini. Mwaka 1883 na 1884 wafanyakazi wa kizungu waligoma wakikataa kuvuliwa nguo na kupekuliwa. Wakasikilizwa. Waafrika ndio waliojengewa kambi za kufungiwa kuanzia 1885: unasaini mkataba, unaingia, hutoki hadi mkataba uishe. Kabla ya kuachiliwa unakaa siku kadhaa peke yako, uchi, mikono ikiwa imefungwa ndani ya glavu nzito, unanyweshwa dawa ya kuharisha, na choo chako kinachekechwa ionekane kama ulimeza jiwe. Mwaka 1888 Cecil Rhodes na wenzake wakaunda kampuni ya De Beers. Shimo kubwa la Kimberley lilipofungwa mwaka 1914, lilikuwa limetoa karibu kilo 2,720 za almasi.

Kwa hivyo methali yetu, kwenye biashara hii, si mfano tu. Kuna watu ambao kweli walichekechewa mavi.

Nilimsomea binamu yangu hayo kwa simu. Akanyamaza. Halafu akasema, "Sawa bro, lakini hao si walishakufa?"

Sikumwona ni mtu mbaya. Nadhani ameuliza swali la haki kuliko mengi niliyosoma chuoni. Maana hoja ya upande wake ni nzito, na tuipe uzito wake wote. Jiwe hilo limeshachimbwa. Ukilinunua au usilinunue, hakuna siku hata moja ya kifungo cha kambi itakayofutwa. Pesa zako haziendi kwa Rhodes. Na ukiliacha, pengine utanunua jipya. Mpango wa kimataifa wa kuzuia almasi za vita, ulioanza kazi mwaka 2003, unahesabu almasi kuwa chafu pale waasi wanapoitumia kugharamia vita dhidi ya serikali. Serikali yenyewe ikiwapiga wachimbaji, hilo halimo. Kichekesho ni kwamba mpango huo unaitwa kwa jina la Kimberley. Kwa hivyo ukipima madhara peke yake, pete ya zamani inashinda ile mpya ambayo hujui ilikotoka. Hapo nakubaliana na binamu yangu moja kwa moja.

Lakini kutoongeza dhuluma ni jambo moja, na kuwa safi ni jambo lingine. La kwanza linahusu wewe utafanya nini kuanzia leo. La pili linahusu kile kilichotokea, na kilichotokea hakina habari na tarehe ya leo.

Wakenya tunalijua hili kupitia ardhi. Kwa miaka mingi sheria ya usajili wa ardhi, ile Sura ya 300, ilikuwa na mlango mmoja wa ajabu: mahakama iliweza kurekebisha usajili uliopatikana kwa ulaghai, isipokuwa usajili wa kwanza. Ukiwahi kuandikisha, umewahi. Unaachia mwanao, naye anamwachia wake, na kadiri hati inavyozeeka ndivyo inavyoheshimika. Mjukuu wa aliyefukuzwa anapita nje ya ua akiambiwa hayo ni ya kale. Katiba ya 2010 ikageuza maneno. Kifungu cha 40(6) kinasema ulinzi wa mali hauhusu mali iliyothibitika kupatikana kinyume cha sheria. Hakikutaja miaka mingapi. Hata kama utekelezaji wake unajikokota, tuliandika kama nchi kwamba muda peke yake hausafishi.

Na kuhusu wafu, angalia tunavyoishi na wa kwetu. Mzee akiacha wosia kwamba shamba la chini lisiuzwe, halafu afe, hatusemi "si alishakufa." Tunabishana miaka kumi, tunaitana vikao, lakini neno lake liko mezani na kila mtu analiogopa. Mtu akifa ana deni, familia inauliza kaburini nani anamdai. Kumbe kifo hakifuti madai, sisi wenyewe tunaamini hivyo. Tunasema walishakufa kwa wafu wa watu wengine tu.

Wafu wa Kimberley na Brazil hatuwezi kuwalipa, na majina ya wengi wao hatuna. Wanachoweza kudai kwa aliyelivaa jiwe ni kidogo mno: asiseme kwamba halikutokea. Na neno "safi" linasema hivyo. Methali yenyewe ilisema hayanuki. Haikusema hayapo.

Kuna jiwe moja linaloonyesha vizuri gharama ya kusahau. Koh-i-Noor ilichukuliwa na Waingereza mwaka 1849 kutoka kwa Duleep Singh, mfalme wa Punjab, aliyekuwa na miaka 10. Mtoto wa miaka 10 alitia mkono kwenye mkataba. Mwaka 1851 jiwe likawekwa kwenye maonyesho makubwa London, watu wakapanga foleni, wakarudi wamenuna. Halikung'aa walivyotaka. Lilikuwa limekatwa kwa mtindo wa India, uliojali kuhifadhi uzito wa jiwe kuliko kulirushia macho mwanga. Basi mwaka 1852 wakalikata upya. Lilikuwa na karati kama 186, likabaki na 105.6. Zaidi ya asilimia 40 ya jiwe ilisuguliwa ikaisha, ili lisifanane tena na lilikotoka.

Mawe mengi madogo yamepita njia hiyohiyo. Baada ya hesabu za 1919, sonara wengi walichukua almasi za bibi zao wateja, wakazikata upya zifuate mtindo. Maana yake ni kwamba pete inayoonekana mpya kabisa huenda jiwe lake lilichimbwa mikononi mwa mtu aliyefungiwa kambini, na hakuna wa kukuambia. Mkato mpya umefuta kila kitu. Hapa ndipo ninapoona heshima ya mkato wa kale, na si pale duka linapoiweka. Jiwe la zamani ambalo halijaguswa halina usafi wowote wa ziada. Lina ushahidi. Lile taji refu, kile kitundu katikati, ile kona iliyopinda kidogo kwa sababu mkono ulichoka, vyote vinasema nilitoka wakati fulani, mahali fulani. Ukijua kusoma, unaweza kukisia mgodi wake. Ni sawa na mtu ambaye hajabadilisha jina.

Kwa hivyo nikiulizwa ununue mkato upi, jibu langu linaanza mbali na duka. Kama unataka kitu kisicho na mgodi, almasi za maabara zipo. Ni almasi kamili, wanasayansi walianza kuzitengeneza miaka ya 1950, na leo huwezi kuzitofautisha kwa macho. Kama hutaki jiwe kabisa, kumbuka kwamba watu wetu wameoana vizazi na vizazi kwa mahari, kwa mbuzi, kwa maneno ya wazee wa pande mbili, na ndoa zikashika bila kito chochote. Na kama moyo wako umeangukia jiwe la kale, lichukue. Ila lichukue lilivyo, na mkato wake, bila kulikata upya, na bila lile neno.

Maana hebu fikiria pete ya uchumba inasema nini hasa. Haisemi nakupenda, hilo linasemwa kwa meseji kila siku. Inasema kwamba neno ninalokuambia leo litakuwa na nguvu baada ya miaka 30, nikiwa nimechoka, nikiwa nimenenepa, nikiwa sikumbuki vizuri nilivaa shati gani. Uchumba wote umesimama juu ya imani moja: kwamba kilichofanyika zamani bado kinatufunga. Sasa mtu anawezaje kukuvisha alama ya imani hiyo, na papo hapo akakuambia kwamba jiwe hili ni safi kwa sababu mambo yake ni ya kale? Kama miaka 130 inatosha kufuta kambi ya kufungia watu, miaka saba itashindwaje kufuta neno la bwana harusi?

Ama muda unafuta, ama haufuti. Huwezi kuutumia kwa wachimbaji halafu ukaukataza nyumbani kwako.

Ndiyo maana nadhani wale wawili wanapaswa kuambiana kabla ya kuvishana. Si hotuba, wala si toba kwa jambo ambalo hawakulifanya. Dakika tano tu, simu zikiwa chini: jiwe hili pengine lilitoka Kimberley, walioishi pale walifanyiwa hivi, tunalivaa tukijua. Anayeweza kusikia hilo na bado akanyoosha kidole, amepewa pete ya kweli. Anayesema "usiniharibie mood" naye amejibu swali, tena swali kubwa kuliko la almasi: katika ndoa hii, jambo likiwa la zamani na linauma, tutalitazama au tutalifunika?

Wahenga hawakuacha methali moja tu kuhusu harufu. Walisema pia la kuvunda halina ubani. Ubani wa biashara hii ni maneno, na nimeyaandika kwa malipo ya kwa neno, kwa hivyo najua yanavyofuka vizuri. Lakini moshi wake hauendi mbali. Kinachobaki kidoleni, mshumaa ukiwashwa, ni jiwe lenye umri wake na watu wake, na wawili ambao ama wanajua, ama hawataki kujua.